Pesa Haina Bega

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata maharage ninayochagua yananitoka mikononi. Wakati huo nilikuwa kijana kama wewe, nimeolewa Kibati, nina mtoto mchanga, na mama mkwe wangu alikuwa amepooza miguu. Mume wangu, Kakule, alishinda Goma, huko Katoyi, akibeba mizigo ya watu kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili.

Alikuwa mchapakazi, simnyimi sifa yake. Neno linasema asiyetaka kufanya kazi na asile, naye aliishika aya hiyo hata Jumapili. Aya nyingine, Mungu amrehemu, hakuzisikia vizuri.

Kwetu mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, machela ya miti na kamba, wanaume wanne begani. Kila nyumba ilitoa mtu kwa zamu. Zamu ya Kakule ilipofika, yeye alituma pesa ya pombe ya ndizi, wabebaji wakate kiu. Siku moja Muzee Bauma, mkubwa wa wabebaji, akamkuta nyumbani.

"Kakule, juzi tulibeba mutoto wa jirani yako. Hatukukuona."

"Si nilituma franga, papa?"

"Franga haina bega, mutoto wangu."

Kakule alicheka. Mimi nilimtazama mama mkwe pale kwenye mkeka wake, nikaogopa. Tangu hapo hofu haikunitoka.

Haukupita muda mrefu, mizinga ikaanza kulia upande wa juu. Barabara ikajaa watu, magodoro na mbuzi, wote wakiteremka Goma. Mama mkwe akashika rozari yake.

"Enda na mutoto, mama. Miye uniache."

Nimwacheje? Nikamfunga mtoto mgongoni, nikakimbia kwa Muzee Bauma. Njia nzima nilijiuliza: akiniambia nikaite zile franga zetu zije kubeba, nitamjibu nini? Nilimkuta na wanawe wawili, wamekwisha jitwika magunia ya maharage, chakula chao chote. Nikapiga magoti.

Aliyatazama magunia ya wanawe, na mizinga inalia.

"Nyumba yenu haikutoa bega hata moja," akasema. Kisha akatua gunia chini. "Lakini ule mama ni wetu. Tuko watatu. Wa ine ni nani?"

"Ni miye, papa."

Mwanamke kwetu habebi kipoyi. Siku hiyo nilibeba, na mtoto wangu akabebwa na mke wa Muzee Bauma, pamoja na wajukuu aliokuwa nao. Yale magunia yalibaki uani.

Tulikuwa tumeteremka mbali nilipomwona Kakule anapanda peke yake, chukudu tupu, anapigana na umati wa watu. Aliona mama yake. Aliona bega langu linavuja damu. Chukudu akampa mke wa Muzee Bauma apakie watoto, akauchukua mti begani mwangu, akalia njia nzima mpaka Mugunga, kwenye kambi ya wakimbizi. Huko kambini, mgonjwa akiitisha kipoyi, Kakule alikuwa anafika kabla ya wenye mgonjwa. Naye alipokufa, waliotaka kumbeba waligombania miti ya kipoyi.

Mwanangu, fanya kazi, wala usione haya kuwa na mali. Uvivu haujamlisha mtu. Ila mali ni mtumishi, usiitume mahali ulipoitwa wewe mwenyewe. Maandiko yanasema wawili ni afadhali kuliko mmoja, maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua. Upweke hauji siku moja. Tunaujenga wenyewe, kila tunapomtumia jirani pesa badala ya kwenda. Mtu ni watu.

Pesa unayonitumia kwa simu inafika, asante, Mungu akuongezee. Lakini jana usiku mizinga ililia tena, na magoti yangu yameanza kukataa, kama ya mama mkwe. Nililala nikihesabu mabega ya mtaa huu. La kwako sikulipata.

Mungu wa safari akulinde, aibariki mikono yako, akupe nyumba yenye watu. Na akulete, mwanangu. Akulete mapema.