Fimbo Niliyoishika kama Upondo

Tope la Mto Tana lina harufu yake linapoanza kukauka. Ni mchanganyiko wa majani yaliyooza, visamaki vilivyonaswa vidimbwini na udongo mpya ambao bado haujapandwa kitu. Wageni hufunika pua. Mimi harufu hiyo ikinifikia, hata leo, miguu hutaka kukimbia kabla akili haijajua sababu. Nilikuwa darasa la sita, katika kijiji kimoja kando ya mto, si mbali na Garsen. Mafuriko yalikuwa yameondoka na kutuachia uwanja wa shule uliosawazishwa kama sakafu, na kabati la vitabu lililojaa uji wa karatasi. Mwalimu Kadzo alilifungua kabati hilo mbele yetu, akatazama ndani kwa muda, akalifunga tena. Kisha akatutoa nje wote, akasema, “Haya. Tutasoma kwa midomo.” Ndivyo ulivyoanza mchezo tuliouita mchezo bila daftari.

Labda nieleze, maana wengi wetu tunajua mchezo wa kuigiza ule wa kukariri: kila mtu ana maneno yake, na akisahau, kuna mtu nyuma ya pazia wa kumnong'oneza. Huu wetu haukuwa na maneno wala pazia. Mtu katika watazamaji hutaja jambo, lolote lile, na waigizaji wawili huingia uwanjani bila kujua watakachosema. Viatu vya wachezaji ndivyo vilivyokuwa mapambo ya jukwaa: safu ya ndala ilikuwa ukingo wa mto, ndala mbili zilikuwa mlango, ndala nne zilikuwa shamba. Na mtazamaji aliyeona waigizaji wamekwama aliruhusiwa kusimama, kumgusa mmoja begani, na kuchukua nafasi yake. Kanuni ilikuwa moja tu, na Mwalimu Kadzo aliirudia mpaka tukaiota: pokea, kisha ongeza. Alitufunza kwa salamu. Mmoja anauliza habari za nyumbani, mwenzake anajibu na kuongeza kitu, mbuzi amezaa, bati limeng'oka, na wa kwanza lazima akichukue hicho kilichoongezwa na kukipeleka mbele. Salamu moja iliweza kumaliza kipindi kizima, na mwisho wake tulikuwa tumeshajenga nyumba, tumemwoza binti na kumfukuza kiboko.

Mimi nilikuwa mbovu kupindukia. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa sababu ya kukariri, na sasa hapakuwa na cha kukariri. Siku ya kwanza rafiki yangu Sadia alinijia ameinua mikono, amekunja uso, akasema, “Hadhoma, nishikie huyu nyoka, mkono wangu umechoka.” Nikatazama mikono yake nikasema hakuna nyoka hapo. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mwalimu Kadzo hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. “Mwenzako amekupa nyoka,” aliniambia kwa upole. “Ukisema hayupo, umemwacha Sadia amemshika peke yake. Unaona vile anavyotetemeka?” Nikatazama, na kweli Sadia alikuwa anatetemeka, mtundu yule. Nikampokea nyoka. Nilimshika vibaya, kwa mkia, akaniuma, nikafa, na kufa kwangu kulishangiliwa mpaka walimu wa madarasa mengine wakatoka kuangalia. Sijawahi kusahau joto lile la kifua.

Sadia alikuwa Muorma, mimi Mpokomo. Kwao ni ng'ombe, kwetu ni mpunga, migomba na mtumbwi. Mwalimu Kadzo, Mgiriama ambaye wazee wake walikuja kulima huku kutoka kusini, hakuwa wa upande wowote kati yetu, na nadhani ndiyo maana alitupanga kinyume. Watoto wa wakulima tuliigiza wafugaji, na watoto wa wafugaji waliigiza wakulima. “Mkicheza mnachokijua mtatuhubiria,” alisema. “Chezeni msichokijua, mtalazimika kusikilizana.”

Kumbe msimu huohuo kulikuwa na jambo lililoanza kuuma. Wafugaji wana njia zao za kupeleka mifugo mtoni wakati wa kiangazi, na kila njia kama hiyo huitwa malka. Malka yetu ilipita kando ya shamba la nyanya yangu, mama yake baba, aliyenilea. Mafuriko yalikuwa yamemega kipande kizima cha chini cha shamba lake kikaenda na maji, mpunga na yote. Nyanya hakulia. Alikata miiba, akauhamisha ua wake upande wa juu, ukaiziba malka. Alisema mto umemla yeye, naye ale wapi? Kwa hiyo ng'ombe wa kina Sadia wakawa wanazunguka mbali sana kutafuta maji, na asubuhi moja Sadia aliniambia bila kunitazama kwamba baba yake, Mzee Bakero, amechoka na mzunguko huo. Shule ikifungwa watahamia ng'ambo na mifugo, na Sadia ataacha masomo. Nilimwomba nyanya. Alinijibu kwa kunipa kinu nitwange.

Siku ya wazazi ikafika, siku ya mwisho ya muhula. Kina mama wa mashambani walikaa kwenye mikeka, wafugaji wakasimama wameegemea ukuta wa darasa, kila upande peke yake. Nyanya alikaa mkeka wa mbele na viatu vyake vipya vya raba. Mwalimu Kadzo akaeleza mchezo, akaomba jambo la kuigiza. Nilitarajia mtu aseme harusi. Kijana mmoja aliyeegemea ukuta akasema, “Malka.” Kina mama wakageuza shingo. Mwalimu angeweza kusema tafuteni jingine. Lakini alikuwa ametufunza miezi mitatu kwamba unachopewa unapokea, akasema, “Malka. Sadia, utakuwa mkulima. Hadhoma, utakuwa mfugaji. Nani atatupatia ndala?”

Sadia aliingia shambani kwa madaha, akachuchumaa, akaanza kupalilia kwa kung'oa kila kitu kilichokuwa mbele yake. Mama mmoja akamwambia, “We mwanangu, huo ni mpunga unaong'oa.” Sadia hakugeuka hata kidogo. “Najua. Ukikua utavutia ndege.” Mikeka ikatikisika kwa kicheko. Kisha zamu yangu. Nilipewa fimbo, nikaingia nikiswaga kundi langu lisiloonekana, na papo hapo upande wa ukutani ukaanza kucheka kuliko ilivyostahili. Sikujua nimefanya nini. Mfugaji huilaza fimbo yake mabegani na kuning'iniza mikono juu yake. Mimi, mtoto wa mtoni, nilikuwa nimeisimamisha, nikaichomeka chini kwa mikono miwili na kujisukuma mbele, mkono juu ya mkono, kama mtu anayesukuma mtumbwi kwa upondo. “Huyo anaswaga ng'ombe au anavusha abiria?” akauliza mtu. Nikaganda. Kila neno nililolijua liliniacha.

Sadia alisimama, akakinga jua kwa kiganja, akanitazama. “Mfugaji,” akasema taratibu, “mbona leo unakuja kwa mtumbwi?”

Yule alikuwa nyoka mwingine, nami safari hii nilimwona. Nikachomeka fimbo tena, kwa nguvu zaidi. “Nipite wapi, mama? Njia umeifunga kwa miiba. Ninawapakia mtumbwini mmoja mmoja. Huyu ndiye wa kwanza. Nina sitini wengine kule.”

“Sitini? Utamaliza lini?”

“Ndama aliyezaliwa leo atafika akiwa nyanya.”

Sasa walicheka pande zote mbili, kicheko kimoja, na nilihisi naweza kuruka. Katika kuruka huko nikaongeza kitu ambacho sikukipanga. “Na binti yangu nimemtoa shule,” nikasema. “Ananisaidia kupiga upondo.”

Kicheko kilikatika. Sadia ndiye aliyekuwa binti mwenyewe, na hakuwa na la kuongeza. Ndipo nyanya yangu aliponyanyuka mkekani, akajifunga leso vizuri, akaja akamgusa Sadia begani. “Nipishe,” akasema. “Huyu mkulima wenu hajui kulima.” Akageukia kwangu kana kwamba hanijui. “Ng'ombe wako wakipita hapa, hawatakula mpunga wangu?”

Mimi nilikuwa sijawahi kuchunga hata mbuzi. Sadia akaichukua fimbo mikononi mwangu, akailaza mabegani mwake inavyopaswa, akawa mfugaji. “Watakula, nyanya, wasipokuwa na mtu wa kuwatangulia. Nitawatangulia mimi.”

“Na mto ulipolila shamba langu, wewe ulikuwa wapi?”

“Ng'ambo. Nilikuwa natafuta ndama wetu. Hatukumpata.”

Nyanya akavua viatu vyake vya raba, akaweka kimoja huku, akapiga hatua, akaweka cha pili kule. “Hapa. Ng'ombe watatu ubavu kwa ubavu. Wa nne asubiri.”

Kutoka ukutani sauti ya Mzee Bakero ikasema, “Wa nne ana mimba, mama.”

Nyanya alikitazama kiatu. Akakisogeza kwa kidole gumba cha mguu, kiasi cha nusu hatua. “Basi na huyo.”

Mwalimu Kadzo alipiga makofi kuashiria mwisho, na vumbi la tope kavu likapaa kwa vile watu walivyokanyaga chini kushangilia. Lakini sikulala vizuri, kwa kuwa mchezo ni mchezo. Asubuhi niliamshwa na mlio wa panga. Nyanya alikuwa anang'oa miiba, na viatu vyake vilikuwa chini, kimoja huku, kimoja kule, umbali uleule na ile nusu hatua. Nikamwambia, “Lakini nyanya, jana ulikuwa mchezo.” Hakuinua kichwa. “Nilisema mbele za watu,” alinijibu. “Shika mti huo.” Sadia alimaliza darasa la nane nami.

Siku hizi nami nafundisha mchezo huo, Garsen, ndani ya ukumbi wenye feni na viti. Vijana wangu ni wepesi wa ulimi kuliko tulivyokuwa. Siku ya kwanza huniuliza, “Madam, skripti iko wapi, si ututumie kwa simu?” Ninawapa salamu, kama nilivyopewa. Kuongeza wanajua sana. Kupokea ndiko kunakowachukua muda, kwa maana kila mmoja amezoea kujibu ili ashinde, na simu ziko juu kurekodi nani amemshinda nani. Ninawasubiri. Siku mmoja wao anapompokea mwenzake kitu asichokitarajia, uso wake hung'aa, na mimi nyuma ya ukumbi husisimka kama mtoto. Sadia, ambaye sasa ananunua na kuuza ng'ombe mnadani, hupita mara kwa mara kutazama. Nikishika fimbo tu, anacheka kabla sijaanza.

Nyanya hayupo, na shamba sasa ni langu. Mafuriko ya mwisho yalimega tena upande wa chini, yakaondoka na migomba yangu mizuri kuliko yote. Maji yalipokauka nilisimama pale na panga, harufu ile ikiwa imejaa kila mahali, nikaitazama malka, nikaona jinsi ilivyo pana, na jinsi ua ukisogezwa hatua mbili tu ungenirudishia nafasi ya migomba. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikavua viatu, nikaweka kimoja huku na kimoja kule, nikaacha nafasi ya yule mwenye mimba.