Sauti Iliyo Upande wa Pili wa Kaseti

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka hamsini na sita, mke wangu alishafariki, naishi hapahapa Likasi, na haya ninayoandika hata padri wangu hajayasikia. Anayetaka kunitukana anitukane. Mimi mwenyewe nimejitukana miaka thelathini.

Miaka ya tisini, kiwanda cha Shituru kilipoanza kufa na baba zetu kukaa nyumbani mchana kutwa, mimi na rafiki yangu, nimwite Mukendi, tulikuwa na kikundi cha watu wawili. Yeye alipiga kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, mimi niliimba. Gita hatukuwa nalo. Wazee walisema muziki bila gita ni bukari, yaani ugali, bila mboga, lakini kaseti yetu ya kwanza ilipigwa kwenye kila harusi mpaka utepe ukachakaa.

Kaseti ya pili ndiyo iliyoniua. Upande wa kwanza niliimba mimi. Upande wa pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliimba Mukendi, kwa Kiluba cha Kasai, akimwimbia mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mkewe. Alipomaliza alivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake. Akanipa niitunze, maana redio ya kunakili ilikuwa kwangu.

Nakala zilipofika sokoni, watu wakagawanyika. Vijana wa Shituru walisema ngoma zimekuwa kali kuliko za kwanza. Mama mmoja muuza mihogo aliniambia upande wa pili unamliza, na kesho anataka kulia tena. Wavunja mawe wa Kakontwe walilalamika kwamba wao wanataka kucheza, sisi tumewaletea kilio. Hayo ningeyavumilia. Lakini zilikuwa siku zile watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, hata waliozaliwa hapa kama Mukendi. Alikuwa ameshakimbilia stesheni na mkewe, kinanda akaniachia mimi. Muuzaji wetu wa sokoni akaja kuniambia kuna watu wanatisha kumvunjia meza kwa sababu ya wimbo ule wa Kiluba.

"Toshako ile sauti," alisema, yaani niiondoe. "Weye uko mutoto ya hapa. Batu banapenda weye."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilipenda kupendwa. Kaseti tupu hazikupatikana. Basi nikachukua ileile ya asili, nikaziba tundu la kijino kwa kipande cha karatasi, nikapiga kinanda mwenyewe na kuimba Kiswahili juu ya upande wa pili. Nakala za zamani zilizokuwa mitaani, wenyewe walizitupa au walirekodi mahubiri juu yake. Wiki hiyohiyo watu wakanisifu kwamba sasa kaseti imekuwa nzuri.

Nilimpelekea Mukendi chakula stesheni, ambako watu wengi walilala chini wakingoja treni. Alikuwa amekonda. Mtu mmoja alikuwa amepita hapo na redio akipiga kaseti yangu mpya, na Mukendi alikuwa ameshaisikia. Sikujua nitazame wapi.

"Nilisikia mupya," aliniambia. "Shina kisirani na weye, shina hasira. Batu banatisha, niko najua. Ile miye niliimba, uichunge tu. Mutoto atakuya kuitafuta."

Nikamjibu iko, iko salama sandukuni. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru. Siku chache baadaye treni iliwachukua, na alifia njiani kwa kuhara. Mkewe alijifungua huko walikofika.

Mwezi uliopita mtoto huyo alinitafuta. Ni mama mtu mzima, siku hizi anaishi Lubumbashi. Mama yake naye hayupo. Bibi yake alimwambia jambo moja tu, kwamba baba yake aliacha sauti yake Likasi kwa rafiki yake. Alikuja nyumbani kwangu na watoto wake wawili, akaketi akinisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli, naapa. Lakini nikafungua sanduku, nikaitia kaseti kwenye redio, upande wa pili. Akafumba macho.

"Tonton," aliniita, kama tunavyowaita wajomba, "huyu njo Papa?"

Nikasema ndiye.

Alilia mpaka watoto wakaogopa. Aliirekodi kwenye simu, na sasa ananitumia sauti za wanawe wakiuimba wimbo huo. Jumapili wanakuja tena, anataka niwasimulie jinsi babu yao alivyouimba. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo ninalijua, na sauti ya Mukendi haipo tena popote duniani. Nikisema kweli, binti anabaki bila kitu kabisa. Nikinyamaza, nimemfuta baba yake mara ya pili. Usingizi umenihama, na kaseti ninaiangalia kila siku, na kile kikaratasi bado kimo tunduni.

Siku ile alipokuwa akiaga, alisimama mlangoni akanigeukia.

"Tonton," akasema, "weye na Papa mulikuwa na sauti moya."

Ndugu zangu mnaosoma, Jumapili si mbali. Akifika, nimwambie nini?