Samaki Asiyefika Shubiri

Nimechoka kuwa mwenyekiti. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria mkutano, na tangu hapo kila uchaguzi ukifika wanachama huangalia viatu vyao. Chama chetu ni cha kuvua kwa ndoano katika bwawa la shamba la kahawa hapa Ruiru. Kilianzishwa na vibarua wa shamba pamoja na fundi mmoja Singasinga aliyetengeneza mashine za kahawa. Ndiye aliyewafundisha wazee wetu kuvua, watu ambao kwao samaki hakuwa chakula. Mpaka leo kwangu samaki hupikwa nje, kwa sufuria yake.

Sheria zilikuwa mbili tu. Wavu ni marufuku, na samaki asiyefika shubiri anarudi majini. Kwa sababu ya sheria hiyo ya pili nimeona watu wazima wakinuniana mwezi mzima, na mzee mmoja akifukuzwa kwa kuficha kijitilapia ndani ya gambuti.

Kisha shamba likauzwa. Kahawa iling'olewa, tukaambiwa bwawa litafukiwa, zijengwe nyumba. Nilizungushwa maofisini mpaka basi, na nilichopata ni asubuhi moja ya kuvua kabla ya tingatinga kuanza. Afadhali mjane mmoja wa Ngoingwa alikuwa na kidimbwi kitupu. Alikubali tukitumie, mradi twende na samaki wetu wadogo wa kupandikiza humo. Basi uhai wa chama ukawa ni hao wadogo. Niliwaeleza wanachama wote, wakaitikia, nikaweka pipa la maji kwenye pikapu.

Tukavua. Samaki walishika ndoano vizuri, tukataniana kama zamani, na nakiri nilifurahi. Dereva wa tingatinga alipopiga honi, nilienda kuangalia pipa. Lilikuwa na maji matupu.

"Haiya! Wadogo wako wapi?"

Mweka hazina wetu, mama anayeuza mboga Mwiki, alinitazama kwa mshangao. "Si hawakufika shubiri, chairman? Tumerudisha."

Halafu akashika mdomo. Nikaangalia ndoo yangu mwenyewe: wakubwa watupu, wote wamekufa. Mkono wangu nao ulikuwa umerudisha wadogo asubuhi nzima bila kuniuliza.

Nilimwomba dereva atungoje kidogo. "Mzee, mimi nimetumwa tu," akasema, akasukuma udongo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ningependa hata tugombane, lakini nguvu hiyo ingetoka wapi? Maji yalichafuka, na wale wadogo wakaanza kuja juu ukingoni, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, midomo wazi. Mweka hazina aliingia kwenye tope akiwachota kwa leso, dereva akamfokea atoke, akatoka na leso tupu inayochuruzika.

Miaka yote tuliwalinda hao samaki. Siku ya mwisho tuliwarudisha mmoja mmoja, kwa upole kabisa, ili wafukiwe.