Kisu Chembamba cha Babu Gundi

Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Manyunyu yalianza alfajiri, hayakuacha wala hayakukolea. Yalikuwa ya kulowesha mabega tu, si ya kumfanya mtu ajibanze mahali asubiri yapite.

Mfunga vitabu wa ofisi ya kumbukumbu alifika kazini saa moja na nusu, akafuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akashuka ngazi kumi na nne hadi kwenye chumba chake cha chini. Ofisini walimwita Babu Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini tangu mkewe afariki, miaka kumi na tisa iliyopita, hapakuwa na mtu wa kulitamka. Mwanawe wa pekee aliishi mbali. Kila mwisho wa mwezi alituma ujumbe: "Shikamoo baba, huku salama." Naye alijibu, "Marahaba, huku pia salama," na maongezi yakaishia hapo hadi mwezi mwingine.

Mfukoni hakukosa kisu chake cha kukunja. Kilikuwa kidogo, urefu wa kidole cha kati, mpini wa mti mweusi na pete ya shaba shingoni. Mkewe alikinunua kwa mchuuzi mwaka waliooana, baada ya kumwona akikata uzi kwa meno. "Nimeolewa na mtu au na panya?" alimwuliza. Tangu siku hiyo kisu kilipewa kila kazi. Kilimenya machungwa, kilikaza skrubu za miwani, kilikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha, kilibandua dirisha la jikoni lililokuwa likivimba na kukwama siku za mvua. Jioni kilikata mkate, vipande viwili. Kila Jumapili alikinoa juu ya jiwe lilelile, hata ubapa ukalika na kuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na ncha ikabutuka.

"Hicho si kisu tena, Babu," karani wa dirishani alipenda kumtania. "Hicho ni kumbukumbu ya kisu. Kiandikie namba tukiweke rafuni."

Siku hiyo, yapata saa tatu, karani huyo alishuka ngazi mwenyewe. Haikuwa desturi yake. Alizoea kupiga kelele kutoka juu.

"Babu Gundi, njoo unisaidie. Yule mama amerudi tena. Mara ya tatu wiki hii."

"Mama yupi?"

"Mpiga pasi, wa pale kwenye duka la kufulia nguo. Anatafuta cheti chake cha kuzaliwa. Nimemwambia hayumo kwenye daftari, anasema yumo. Nimemfungulia daftari aone kwa macho yake, anasema nifungue tena. Sasa amekaa kwenye benchi, anasema haondoki, tukitaka tumfagie pamoja na vumbi."

"Mimi nitamwambia nini?"

"Wewe una uso wa msiba. Watu wakikuona wananyamaza." Karani akajishika mdomo. "Samahani, Babu. Mdomo wangu hauna breki."

"Twende," alisema, akavua aproni.

Mpiga pasi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kanga yake imelowa pindoni, mikono yake ina alama ndogondogo za kuungua. Alinukia wanga wa nguo. Alipomwona mzee anakuja alisogea kwenye benchi akampisha nafasi, kana kwamba ofisi ilikuwa yake na mzee ndiye mgeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze."

Alieleza bila kupaza sauti. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado hajaanza kutembea. Akalelewa na mama mdogo, katika nyumba iliyoachwa na mama yake mzazi, na humo ndimo anamoishi hadi leo, chumba cha nyuma. Mama mdogo naye amefariki mwezi uliopita. Matanga hayajapoa, watoto wa mjomba wakaanza kusema kwamba yeye aliokotwa, si damu ya nyumba ile. Jumamosi ukoo utakaa kikao. Ambaye hana karatasi ya kuonyesha amezaliwa na nani, afungashe vyake.

"Nyumba yenyewe bati limetoboka," alisema. "Wakitaka wagawane vyumba, wagawane. Lakini waniambie mimi si mtoto wa mama yangu? Hilo nitalimeza na nini?"

Babu Gundi aliliomba daftari.

Lilikuwa daftari la vizazi la mwaka aliozaliwa yule mama, nene, lenye mgongo wa kitambaa cha kijani. Karani alimfungulia penye mwezi wenyewe. "Tazama. Tarehe tatu, tarehe nne, halafu tarehe tisa. Wa tarehe sita, siku anayosema alizaliwa, hayupo. Labda siku hizo karani aliugua."

Mzee hakutazama tarehe. Alitazama namba zilizoandikwa pembeni. Kila ukurasa ulikuwa na watoto wanne, na ukurasa wa kulia uliishia na namba mia mbili na kumi na moja. Alipoigeuza karatasi, ukurasa wa nyuma yake ulianza na mia mbili na ishirini. Akaishika karatasi ile kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua polepole kama muuza vitambaa. Ilikuwa nene kupita nyingine.

"Hii si karatasi moja," alisema. "Ni mbili. Zimeshikana."

"Mungu wangu," alisema karani.

Mpiga pasi alisimama. "Kwa hiyo nimo?"

"Sijui, mwanangu. Kuna watoto wanane humo ndani. Ngoja tuone."

Alilipeleka daftari kwenye meza ya dirishani, penye mwanga. Aliona kilichotokea mara moja, maana hakuna aliyekijua zaidi yake. Pambizo za kurasa zile zilikuwa zimechanika, zikabandikwa viraka vya karatasi laini kuzizunguka. Baada ya kubandika, mfunga vitabu hutakiwa kutia karatasi ya nta katikati ya kurasa kabla ya kuzibana kwenye shinikizo, ili gundi itakayovuja isishike jirani. Hapa hapakutiwa. Gundi ilivuja ikaziba pande tatu, na kurasa mbili zikawa kama bahasha iliyofungwa, maandishi yote ndani.

Karani alileta kisu cha ofisi, kile cha wembe wa kuchomoza. Mzee alikijaribu mahali ambapo gundi haikufika, pembeni chini. Wembe ukaingia kwenye karatasi yenyewe kama unakata siagi. Akaurudisha haraka.

"Tutie mvuke kidogo?" karani alipendekeza. "Bahasha si ndivyo zinavyofunguliwa?"

"Wino wa zamani huu. Mvuke ukiingia, majina yatatembea."

Akatia mkono mfukoni. Karani alipokiona kile kisu cha kukunja alifungua kinywa amtanie, akajizuia.

Kisu kile hakikuwa na makali ya kukata karatasi wala ncha ya kutoboa. Kilikuwa na wembamba tu, na wembamba ndio uliohitajika. Alikipitisha kwenye nafasi ndogo iliyobaki chini, akakilaza bapa, akakisukuma kwa upande wa ubapa, upana wa ukucha mmoja kila mara. Gundi kavu ilipasuka kwa sauti ndogo, tik, tik, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Ikigoma, alisimama, akakipangusa kisu kwenye suruali, akaanza tena kutoka pembeni. Mpiga pasi alisimama nyuma ya bega lake. Zilipita dakika themanini. Karani aliwahudumia watu wengine kwa kunong'ona.

Kurasa zilipoachana, zilikuwa nyeupe kuliko zote daftarini. Namba mia mbili na kumi na sita: mtoto wa kike, tarehe sita, saa kumi alfajiri. Jina la mama.

Mpiga pasi aliweka kidole chini ya jina lile, akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena kwa sauti zaidi, kama anayemwita mtu aliye uani. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Nani alizibandika?"

"Unyevu huo, mama," karani alidakia. "Majengo haya ya zamani, unyevu unaingia kila mahali."

Babu Gundi aligeuza jalada la nyuma. Kila daftari alilolitengeneza alilibandikia kikaratasi cha kazi, chenye tarehe na saini yake. Alikisoma ingawa hakuhitaji. Ilikuwa siku ya tisa baada ya kumzika mkewe. Alirudi kazini siku ya nne, maana nyumba ilikuwa haikaliki, na wote walimsifu kwa kujikaza.

"Si unyevu," alisema. "Ni mimi."

Karani alimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee hakuusogeza.

"Lini?" mpiga pasi aliuliza.

"Miaka kumi na tisa sasa."

Mpiga pasi alihesabu kimoyomoyo. Midomo yake ilicheza. "Nilikuja hapa miaka saba iliyopita," alisema. "Mama mdogo alikuwa bado hai, ndiye aliyenileta. Alikaa benchi lile. Mkatuambia sipo. Tukirudi njiani akaniambia, usijali, mimi nakujua. Lakini alikuwa analia. Alikufa akidhani labda mama yangu hakuniandikisha. Kwamba hakunitaka."

Mzee alitafuta neno. Alikuwa nalo moja tu, la msiba wake wa siku ile ya tisa, na aliona kwamba akilitoa sasa litakuwa kama kumwomba yule mama ambebee mzigo wake juu ya wa kwake.

"Nisamehe," alisema.

"Niandikieni kwanza hiyo karatasi."

Karani aliandika nakala, akagonga muhuri, akapuliza wino. Mpiga pasi aliisoma yote, hadi jina la ofisi, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kanga. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo kwao, akitazama manyunyu. Kisha akaondoka.

"Lakini Babu," karani alisema wakiwa wawili, "wewe unayehesabu hata ngazi. Siku hiyo ulikuwa unawaza nini?"

"Sikuwa nawaza."

Karani, ambaye mwaka huo alikuwa bado anasoma shule ya msingi, alitazama tarehe kwenye kikaratasi, akatazama pete iliyolegea kwenye kidole cha mzee. Baadaye alimletea chai chini, akaiweka bila utani wowote, na hilo lilimwumiza mzee kuliko kama angetaniwa.

Jioni alikata mkate, akala wima karibu na dirisha. Akachukua simu, akamwandikia mwanawe: "Leo nimefungua kurasa." Akaona mwanawe hatajua ni kurasa gani, na kumweleza kungehitaji kuanzia mbali. Akafuta. Alikaa akihesabu kichwani madaftari aliyoyafunga mwezi ule wa msiba. Alipata saba.

Asubuhi iliyofuata alifika kabla ya mlinzi kufungua lango. Alimsubiri mkuu wa ofisi kwenye korido akamkabidhi barua ya nusu ukurasa, inayosema kosa ni la nani na lilifanywa lini. Mkuu aliisoma, akamwambia wataongea Jumatatu. Babu Gundi akashuka ngazi, akavaa aproni, akayateremsha madaftari sita yaliyobaki kutoka rafu ya juu, moja moja. Akafungua la kwanza, akaanza kupapasa kila karatasi kwa kidole gumba, akisoma namba za pembeni kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne.