Nilivyomchora Papa Silvesta

Piano yetu ilinuka nafthalini. Mama alitia vidonge vyake ndani ili panya wasitafune vitambaa vya huko, na kila nilipofunua kifuniko harufu ile ilinipanda puani kabla sijagusa kitufe hata kimoja. Ilisimama sebuleni kwetu Kabeza, imefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi, na mama, aliyekulia Bukoba akiisikia piano kwa mbali tu kanisani, aliipangusa kila asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi, na ile ya mwisho wa mwezi umuganda, usafi wa mtaa mzima, ukishaisha na barabara imeshafagiwa, wasichana wa jirani walitoka na kamba zao kuruka, na mimi niliitwa ndani kumsubiri mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Papa Silvesta, yaani Baba Silvesta kwa usemi wa kwao, Mkongo wa Bukavu aliyepanga chumba Nyakabanda na kupiga jazi hotelini siku za wiki. Nilimwamkia shikamoo kama nilivyofundishwa, naye alicheka na kujibu, "Jambo, mama." Aliweka kiberiti juu ya mgongo wa kiganja changu ili mkono usiyumbe; kikianguka, alikiokota mwenyewe na kukirudisha bila neno. "Mukono ya kushoto itembee," alisema, "ya kuume isimulie." Kutembea niliweza, kusimulia kulinishinda. Jazi, alinieleza, hufika mahali ikakuachia nafasi, na hapo huna karatasi ya kusoma, unatunga cha kwako papo hapo. Kila tulipofika kwenye nafasi hiyo vidole viliniganda, nikaona haya, na haya ile ikageuka hasira juu yake. Ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Kanombe tulinyamaza hadi zipite, nami niliomba zije nyingi. Ni lazima niseme mapema: mtu yule hakuwahi kunigusa kwa ubaya, wala kunipandishia sauti.

Mwaka huohuo mama mdogo Devota alikuwa akikaa kwetu huku akisoma saikolojia chuo kikuu. Alichokipenda zaidi ni uchanganuzi wa nafsi. Jioni alinikalisha kando yake na kitabu kizito cha michoro, akanieleza kwamba akili ina chumba cha nyuma tunakotupa tusiyotaka kuyaona, na kwamba mchoraji akishika brashi, yale ya chumbani hutoka bila yeye kujua. Tulizichungulia picha pamoja. Nyumba isiyo na mlango ni mtu asiyeona pa kutokea. Mikono mikubwa kuliko mwili ni ya mtu anayeogopwa. Asiye na mdomo amekatazwa kusema. Nilikuwa mwanafunzi hodari, hodari kuliko nilivyowahi kuwa kwenye piano, na mama mdogo alifurahi mno kupata msikilizaji. Hata aliponipa karatasi na penseli za rangi ili achunguze mchoro wangu, hakukumbuka kwamba majibu ya mtihani alikwishanipa.

Nilichora sebule isiyo na mlango. Nikachora piano nyeusi, na mwanamume mwenye mikono inayofika sakafuni, ingawa mikono ya Papa Silvesta ilikuwa midogo kama ya mama. Pembeni nikamweka msichana. Mdomo wake sikuuchora, makusudi. Nakumbuka nilisita hapo, penseli nyekundu mkononi, na nilijua kabisa ninachofanya. Sitaki mtu anitetee kwa kusema nilikuwa mtoto. Mama mdogo aliitazama, akabadilika uso. "Mana yanjye, Mungu wangu," alisema, akaipeleka jikoni kwa mama. Mama akaja akachuchumaa mbele yangu na kuniuliza, "Anakupiga?" Niliinamisha kichwa na kunyamaza, maana nilishajifunza wasio na mdomo wanafanyaje. Jumamosi iliyofuata Papa Silvesta alipobisha, dada wa kazi alimwambia kupitia geti kwamba hatupo. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nusu saa baadaye nilikuwa barabarani naruka kamba, na niliruka vizuri.

Mwezi uliopita ofisi yetu ilifanya tafrija ya kumuaga mkuu wetu kwenye hoteli moja mjini, na aliyekuwa kwenye piano alikuwa yeye, mvi tupu, mgongo umepinda. Nilitaka kutoroka, lakini alikuwa ameshaniona. "Si weye Grace wa Kabeza? Sura ni ya mama yako." Nikakubali. Akaacha kupiga, akanishika mkono. "Nilirudiaka kwenu mara mbili, hakuna mutu alifungua geti," alisema. "Kisha nikaacha kufundisha batoto. Nikajiambia, Silvesta, weye hauwezi batoto. Nilikosaka nini, Grace?" Miaka ishirini na tano alikuwa na swali hilo, na hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yake kwa miaka mingi. Wenzangu wa ofisi walikuwa wakitutazama, glasi mkononi.

"Tulihama, Papa," nikasema. "Ghafla tu."

Uso wake ulikunjuka. "Ah, mulihama! Basi haikukuwa mimi." Akacheka, akanishukuru, akanishukuru tena, kisha akaendelea kupiga.

Mtoto wa miaka tisa alidanganya ili akacheze. Mimi, mwenye miaka thelathini na minne, nilidanganya ili wenzangu waendelee kuniona mtu mwema, na kati ya hao wawili ni huyu wa sasa ninayemwonea aibu zaidi. Hatukuhama. Mama anaishi katika nyumba ileile mpaka leo.