Haya Bwana ya Wifi Sharifa

Hawa anauza karoti na mapeasi sokoni Lushoto tangu binti yake Aisha akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa Aisha anaolewa. Miaka yote hiyo wateja wamemshindwa. Mtu akisema "nitarudi," Hawa anajua kwa sauti tu kama atarudi au ndiyo ameshakwenda zake. "Punguza kidogo" ya mwenye shida anaijua, na ya mwenye gari lake pale kando anaijua pia. Yeye mwenyewe hana maneno mengi. Ana "haya bwana", basi. Kwa maneno hayo mawili anakubali bei, anamfukuza msumbufu, anaaga, na siku ikiwa mbaya anajisemea peke yake huku akifunika mafungu kwa gunia.

Mtu huyo ndiye aliyeshindwa na ujumbe wa simu.

Ujumbe ulitoka Bungu, kwa wifi yake Sharifa, dada wa pekee wa marehemu mumewe Ismaili. Hawa ndiye aliyeanza kuandika, akafuta, akaandika tena, asubuhi nzima: "Shikamoo wifi. Aisha anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Tunakuomba uje umtoe mwanao." Katika ukoo wa Ismaili, bi harusi havuki kizingiti cha kwao mpaka shangazi amshike mkono. Shangazi asipokuja, watu wa bwana harusi watasubiri uani mpaka wali upoe, na majirani watajua kwamba humo ndani kuna jambo.

Na jambo lilikuwepo. Mawifi hao hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya Ismaili, miaka mitatu iliyopita. Sharifa alikaa matangani uso umekunjamana, kisha akaondoka bila kuaga. Kosa lilikuwa nini, Hawa hakuwahi kuambiwa.

Sasa Sharifa alijibu: "Haya bwana."

Aisha aliusoma haraka haraka, kama vijana wanavyosoma kila kitu. "Si amekubali, mama? Anakuja huyo." Akarudi kwenye mambo yake ya hina.

Loveness, muuza kabichi wa meza ya pili, ni mwanakwaya wa Kilutheri. Aliusoma taratibu, akashusha sauti mwishoni, ikawa kama dua. "Amekubariki, Mama Aisha. Mshukuru Mungu."

Kaka yake Hawa, Hassani, anayefanya kazi za msitu kule Magamba, aliishika simu mbali na macho, akaivuta ile bwana mpaka ikatia hofu. "Haya bwaaana. Huyo haji, dada. Amekwambia fanyeni mnavyojua."

Hawa akachanganyikiwa. Kila aliyesoma aliweka sauti yake, na ya Sharifa haikuwemo hata moja. Mchana huo mteja aliomba karoti, akafungiwa mapeasi. Mwingine akasema "nitarudi", na Hawa akabaki anamtazama mgongo, asijue kama atarudi.

"Mpigie tu, mama," Aisha akamwambia. Akapiga.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mvua zinanyesha?"

"Zinanyesha. Mahindi si mabaya."

Swali lilikuwa mdomoni, likakataa kutoka. Akiuliza "utakuja?" ataonekana anamshuku mtu mzima, asipouliza, ataonekana hajali. Huko Bungu sufuria ilisikika ikichemka, na mtu akakohoa kwa moshi.

"Haya bwana, wifi," Sharifa akasema, simu ikakatika.

Sasa alikuwa ameisikia kwa masikio yake mwenyewe, na bado hakujua. Ilikuwa ya kuaga? Ya kuchoka naye? Au ni ugali tu ulikuwa unataka kuungua? Aliijaribu njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sauti hii na ile, hadi watu wakageuka kumwangalia.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya harusi, alishindwa kuvumilia. Hassani alikuwa amemshauri amwombe bibi mmoja jirani asimame badala ya shangazi. Ni aibu, lakini bora aibu ndogo. Akajitanda mtandio, akafungua mlango.

Sharifa alikuwa amekaa kwenye ngazi, mzigo mapajani, viatu vimejaa matope. Alikuwa amelala Mombo, akapanda na gari la kwanza.

Hawa alimwamkia, akapokea mzigo, na maneno aliyoyazoea yakamtoka. "Haya bwana, wifi. Umefika."

Sharifa hakuinuka. "Hivyo hivyo ndivyo ulivyoniambia siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya kaka yangu. Barabara imeporomoka, natembea kwa miguu, nafika mmeshazika. Ulisimama hapo hapo mlangoni. Haya bwana, umefika." Aliyasema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu aliyeyarudia mpaka yakaisha ladha. "Miaka mitatu nayasema mwenyewe jikoni. Mara naona ulinipa pole, mara naona ulinisimanga. Ilikuwa ipi, Hawa?"

Hawa, anayejua sauti za soko zima, aliitafuta sauti yake ya siku ile akaikosa. Alikumbuka matope, na jinsi miguu ilivyokuwa mizito. Aliona haya, na machozi yakaanza kumtoka.

"Wallahi sijui, wifi. Nilikuwa nimechoka. Labda na hasira ilikuwepo, maana Ismaili alikuulizia mpaka mwisho, nami nikawa namwambia uko njiani."

Ile ya kwenye simu Hawa hakuiuliza tena. Kisha mgeni akavua viatu vyake, akavipanga kando ya kizingiti, akashika ukuta na kusimama.

"Safari hii nimewahi," akasema. "Mtoto yuko wapi?"