Nyayo za Ng'ombe wa Bi Hadija

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwaka juzi, na kila nikiikumbuka natamani kumzaba mtu kofi. Taabu ni kwamba mtu mwenyewe ni mimi.

Kaa hapo, mwanangu. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua ndevu zangu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na bado nakaa darasani kama wewe. Lakini yako mambo yanayomzeesha mtu kwa siku moja, na mimi yamenizeesha. Leo nina haki ya kukohoa kwanza ndipo niseme.

Mji wetu huu wauona ulivyo. Tangu reli ya Wadachi, hawa Wajerumani, ifike, kila mtu amekuja na mzigo wake: Mnyamwezi, Mmanyema, fundi wa pwani, Mhindi wa duka, Mrangi wa Kondoa. Nyumba zimebanana hata ukikoroma, jirani anageuka upande wa pili. Na jirani huyo, jina lake hulijui. Mnapishana mlangoni kama mbuzi wa mazizi mawili.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi Bi Hadija, mjane kutoka Kondoa, aliyeuza maziwa karibu na stesheni. Ng'ombe alikuwa naye mmoja tu. Alichungwa na Ndahani, kijana wa Kigogo, mpole mno, aliyelala kwenye kibanda kando ya zizi.

Asubuhi hiyo zizi lilikutwa wazi, miiba imevutwa kando, ng'ombe hayupo. Bi Hadija akapiga yowe. Kule kwa bibi yangu, Chamwino, yowe likipigwa hata mwenye homa hutoka na fimbo. Hapa mjini watu walichungulia, wakarudi ndani kunywa uji. Nasema niliyoyaona! Mmoja alifunga na dirisha.

Aliyekuja ni babu Chilewa peke yake, mzee wa Kigogo aliyekaa mwisho wa mtaa. Aliinama penye zizi, akatembea ameinama hivyo hivyo mpaka njia ya magharibi, kisha akasema, "Kwato hizi hapa. Na mguu wa mwizi huu hapa, mrefu, kidole cha mwisho hakigusi chini. Si mguu wa Ndahani."

Ujue desturi ya huku, mwanangu. Ng'ombe akiibwa, nyayo hufuatwa. Zikiingia kijijini kwa watu, watu wa kijiji hicho lazima waonyeshe zilikotokea. Wakishindwa, ng'ombe ni juu yao. Kwa hiyo nyayo hulindwa kama mtoto mchanga. Babu alikata matawi, akazifunika moja moja, akatuambia sisi wanafunzi tuliokuwa tunapita, "Msikanyage hapa. Naenda kijiji cha Zuzu kuita wafuatiliaji wa nyayo." Akaondoka akichechemea, maana mguu wake mmoja ni mbovu.

Mimi nikaona mchezo.

"Jamani," nikawaambia wenzangu, "babu kaufunika udongo usishikwe na mafua!"

Wakacheka. Mchekeshaji akishachekewa mara moja amekwisha, akili yote huhamia masikioni. Nikayaokota matawi, nikajifanya askari mwenye bunduki, nikapaza sauti kama ile ya mazoezi ya shuleni: kushoto, kulia! Wenzangu tisa wakajipanga nyuma yangu. Tukatembea juu ya nyayo zile kwenda na kurudi, tukipiga miguu chini, mpaka vumbi likapanda. Ndahani alitoka mbio akatusihi. "Ndugu zangu, acheni, acheni." Nikampigia saluti.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa nimeuandika msemo huo kwenye ubao wangu wiki ile ile, kwa mwandiko mzuri.

Wafuatiliaji walipofika hapakuwa na cha kufuata. Akida alikuja na askari wawili. Babu akaeleza mguu aliouona. Akida alitaka kuonyeshwa, hakutaka kusimuliwa. Akatazama huku na huku akitafuta mwizi aliye karibu, akamwona Ndahani. "Nani alilala jirani na zizi? Huyu. Basi."

Bi Hadija alilia, "Bwana akida, huyu ni kama mwanangu, hawezi!" Nani amsikilize?

Saa kumi walimtandika bomani, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya serikali. Sisi wanafunzi tulipangwa mstari tutazame tupate adabu. Na nilitazama. Midomo ninayo, meno ninayo, ulimi ambao kila siku walimu wanauomba upumzike ninao, na siku ile ulilala kama paka aliyeshiba. Kila kiboko nilisema moyoni, kinachofuata nitasema. Vikaisha vyote.

Ni pale walipoleta mnyororo wa shingoni, apelekwe kazi ya barabara, ndipo nilipotoka mstarini. Sikutoka kishujaa, nilijikwaa hata kofia ikaanguka.

"Bwana akida, nyayo zilikuwapo. Nilizifuta mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nacheza."

Akanichapa kofi nikaona nyota mchana, nikatandikwa vitano vyangu, halali yangu. Walirudi kuwauliza wenzangu, wakamuuliza babu tena, na mnyororo ukavuliwa. Viboko ishirini na tano, mwanangu, havivuliwi.

Babu Chilewa hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema, "Maskini akisingiziwa hana wakili. Zile nyayo ndizo zilikuwa kinywa chake pekee, nawe umekikanyaga ili uchekewe."

Kisha akanipa kazi. Asubuhi na jioni nichote maji, nimwoshe Ndahani mgongo kwa maji ya chumvi mpaka upone. Na nipite kila mlango wa mtaa, nisalimie, niseme jina langu na nilichokifanya. Kila mlango! Mlango wa tatu nilimkuta fundi cherehani wa pwani.

"Mbukwa, mzee wangu," nikamwamkia kwa Kigogo, kwa kuchanganyikiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akakwepa macho yangu. "Yowe nililisikia," akasema. "Nilidhani ni mambo yenu ya ng'ombe."

Hasira niliyokuwa nayo juu yangu ikapata mwenzi. Nikamwambia, "Na wewe ukiibiwa cherehani, tutadhani ni mambo yenu ya nguo?" Nilitegemea kofi lingine. Akavaa viatu, akaja nami mlango wa nne.

Ng'ombe hakuonekana. Ndahani alipopona alifunga kibuyu chake akarudi kwao. Nilimsindikiza hadi mwisho wa mtaa nikimwomba radhi. Hakunijibu, na sina haki ya kudai anijibu.

Basi sikia, mwanangu, na usinune. Mwizi haishi kwa ushujaa wake, anaishi kwa watu wasiojuana. Yowe likilia, toka, hata kama hujui lugha ya anayelia. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Salimia, maana usiyemsalimia leo utashindwa kumtetea kesho, hujui hata alalavyo wala aamkavyo. Ukiambiwa hapa pasikanyagwe, usikanyage, hata sababu ikichelewa kukufikia. Na ukiwa na ulimi mwepesi kama wangu, utumie kabla ya kiboko cha kwanza. Kusema baada ya cha mwisho ni kujisafisha tu.

Nenda. Mungu akukuze mtaani kwenye watu wanaokujua, na siku utakaposhikwa kwa kosa lisilo lako, asikosekane hata mmoja wa kusema: huyu namfahamu, si yeye.